Kiapo kiligongwa muhuri, mwenyewe akiwa Manyoni: nijengeje maadili ya uwakili nikiwa bado chuoni?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni binti wa mwaka wa pili, nasoma sheria hapa Dodoma. Likizo iliyopita nilifanya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye ofisi ya wakili mmoja mjini. Siku moja alinipa hati ya kiapo ya mteja niipeleke ofisi ya jirani ikagongwe muhuri. Mteja alikuwa Manyoni. Alishaisaini huko siku kadhaa nyuma na kuituma kwa basi. Wakili wa ile ofisi hakuuliza kitu. Akasaini, akagonga, nikarudi. Roho iliniuma ila nilinyamaza. Somo la maadili kwetu lipo mwaka wa mwisho. Baba mdogo anasema wakili mwaminifu atakufa njaa. Nifanye nini sasa, nikiwa bado chuoni, ili nikianza kazi nisiwe mtu wa kunyamaza? Na je, nilikosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hicho kiapo chenyewe, maana ndani yake mna karibu kila kitu unachoniuliza.

Hati ya kiapo ni ushahidi. Badala ya shahidi kupanda kizimbani na kusema, anasema kwenye karatasi, na karatasi hiyo inapata nguvu kwa sababu mtu mmoja mwenye mamlaka amemwona kwa macho, amejiridhisha ni nani, na amemwapisha. Sheria inayowahusu makamishna wa viapo, yaani wenye mamlaka hayo ya kuapisha kama yule wakili wa ofisi ya jirani, Sura ya 12, inamtaka kamishna aandike mahali na tarehe kiapo kilipoliwa, na aandike kweli. Sasa ukumbuke maneno ya mwisho ya ile karatasi uliyoibeba. Kwa kawaida husomeka hivi: kimeapwa hapa Dodoma, mbele yangu, leo tarehe fulani, na fulani ambaye namfahamu mimi mwenyewe. Hesabu. Hakuapa Dodoma. Hakuapa mbele ya aliyesaini. Hakuapa siku hiyo. Na aliyesaini hamjui hata kwa sura. Sentensi moja, uongo mara nne, na chini yake muhuri wa ofisa wa mahakama.

Yaliyomo kwenye aya za juu yanaweza kuwa kweli tupu. Hayasaidii. Wakili wa upande wa pili akijua kwamba siku hiyo mteja wenu alikuwa Manyoni, atasimama na kusema hivyo, na kiapo kikitupwa, maombi yaliyosimama juu yake yanaanguka nacho. Anayebeba hasara ni yule mtu wa Manyoni aliyelipa nauli ya bahasha akiamini mambo yake yako kwenye mikono salama. (Kwa njia, kesi ya Uganda dhidi ya Commissioner of Prisons, ex parte Matovu ya 1966 wengi mnaisoma kwa ajili ya mapinduzi na Kelsen, yule mwananadharia wa sheria, halafu mnafunga kitabu. Ndani yake mna pia maelezo mazuri sana ya nini kiingie kwenye kiapo na nini kisiingie. Irudie kwa jicho hilo.)

Ulikosea? Ulikuwa mwanafunzi uliyetumwa. Mzigo wa kisheria uko kwa aliyesaini na aliyekutuma. Lakini tazama vizuri kilichokutokea. Ulijua kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, ndiyo maana roho ikakuuma. Ulichokosa ni maneno. Hukuwa na sentensi moja iliyo tayari mdomoni ya kumwambia mtu mzima, msomi, mwenye ofisi yake, bila kumvunjia heshima. Na hukuwa na mazoea ya kusimama kabla mkono haujafanya kile ulichozoea kufanya. Ujuzi wa maadili katika kazi yetu ndio huo hasa: mkono na ulimi. Kanuni zenyewe si ngumu. Zimo kwenye Kanuni za Maadili na Mwenendo wa Mawakili, Tangazo la Serikali Na. 118 la 2018. Zisome mwezi huu, usingoje mwaka wa mwisho. Utakutana nazo tena kwenye Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo sote tunaiita Law School. Kuzisoma ni kazi ya jioni chache. Kuuzoeza mkono ndiyo kazi ya miaka, na chuoni ndipo mahali pake, kwa kuwa pale ukijikwaa hakuna mteja anayepoteza shamba.

Kwa hiyo tuzungumze kuhusu mkono wako.

Asubuhi, ukumbi umejaa, karatasi ya mahudhurio inazungushwa. Rafiki yako amelala hosteli, amekutumia ujumbe: nisainie. Unamsainia. Tena unajua na kuiigiza saini yake, ile herufi ya kwanza kubwa yenye mkia. Kila mtu anafanya, na mhadhiri anajua kila mtu anafanya. Nakuomba uiangalie ile karatasi upya: inasema mtu fulani alikuwepo mahali fulani, siku fulani, na alama yake ni hii. Ni nini tofauti yake na kiapo cha Manyoni? Tofauti ni thamani ya karatasi tu. Yule wakili wa ofisi ya jirani hakuamka asubuhi moja akaamua kuwa mwongo. Mkono wake ulishazoea kushuhudia watu wasiokuwepo, na inawezekana kabisa ulianza kuzoea kwenye ukumbi wa mihadhara.

Halafu logibuku ya fildi, lile daftari la kuandika kazi za kila siku. Naomba unisamehe kwa kuingia chumbani kwenu, lakini sote tunajua inavyojazwa. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, wanafunzi wanne mezani, kalamu tatu za rangi tofauti ili ionekane kila siku iliandikwa kwa wakati wake, na mmoja anasoma kwa sauti kalenda ya Juni na Julai ili asije mtu akaandika kwamba Jumapili alikuwa mahakamani. Mwaka mmoja nilisimamia wanafunzi wa fildi, na mmoja alikuwa ameandika amehudhuria usikilizwaji wa shauri siku ya Sabasaba. Kurudisha tarehe nyuma ni ugonjwa unaowaua mawakili kuliko rushwa, na huanzia hapa. Mkataba ulisainiwa Machi, mteja anaomba uandikwe Januari ili kodi isimguse. Notisi ilichelewa, bosi anasema iwekee tarehe ya wiki iliyopita. Ukiwa umeshajaza siku nzima za logibuku kwa usiku mmoja, ombi kama hilo haliwezi kukushtua. Ukiwa umeandika kila jioni mistari mitatu tu, hata kama mmoja unasema "leo sikupewa kazi, nilipanga mafaili", litakushtua. Na ule mstari ni wa thamani. Msimamizi mwenye akili akiuona ataamini mingine yote.

Kazi za kundi nazo ni hivyohivyo. Watu saba majina yamepangwa kwenye jalada, waliofanya ni wawili. Huyu kaniambia anaumwa, yule kachangia hela ya kuprinti. Sitaki uwe polisi wa darasa; utachukiwa bure, na mwanasheria asiyeweza kukaa na watu ana kasoro nyingine kubwa. Ila jizoeze kitu kimoja: pale wewe unaposaini kwamba kazi imefanywa na watu fulani, iwe kweli. Mwambie mwenzio mapema, siku ya kugawana maswali na siyo usiku wa kukabidhi: swali la tatu ni lako, ukishindwa sema kabla ya Jumatano tulifanye sisi, lakini jalada litaandika waliofanya. Mara nyingi anafanya. Kusema mapema ni nusu ya kazi yote ya maadili. Mambo mengi yanayowafikisha mawakili mbele ya Kamati ya Mawakili, inayosikiliza mashtaka ya nidhamu dhidi yao, yangekwisha kwa simu moja iliyopigwa siku ya kwanza.

Pesa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vyuoni jambo hili halisemwi kabisa.

Kama hujawahi kuwa mweka hazina wa darasa au wa kundi la kujisomea, omba uwe. Mnachanga elfu mbili mbili za kutoa kopi, za rambirambi, za safari. Zote zinaingia kwenye laini yako ya simu, ile ile unayopokelea pesa za nyumbani. Wiki ya tatu bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, limechelewa, unakula zile za mchango. Unajiambia nitarudisha likitoka, na kweli linatoka na unarudisha, hakuna aliyejua, hakuna aliyeumia. Wakili akifanya hivyo kwa fedha ya mteja, hata akirudisha yote, amevunja kanuni. Fedha ya mteja inatakiwa ikae mbali na fedha ya wakili, na kosa linakamilika pale zinapochanganyika na kutumika, kurudisha hakulifuti. Tafuta laini ya pili, au mpe mtu wa pili awe anaona miamala. Andika kwenye kikundi cha darasa kila Ijumaa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Watakuona unajifanya mtu wa benki. Sawa tu. Siku utakapopokea milioni arobaini za mtu aliyeuza nyumba, vidole vyako vitakuwa vinajua la kufanya kabla tamaa haijaamka.

Siri nazo zina shule yake, na shule hiyo ni steshenari. Nenda kwenye kibanda chochote cha kuchapa na kutoa kopi kilicho karibu na mahakama, uangalie uso wa kompyuta. Utakuta mafaili yamesambaa hapo juu yakiwa na majina ya watu: talaka ya fulani, mirathi ya marehemu fulani, kiapo cha fulani mwisho kabisa namba mbili. Yamebaki hapo tangu mwaka juzi, na anayekuja kuchapa kadi ya mwaliko wa harusi anayaona yote. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inalinda mazungumzo ya mteja na wakili wake, na ulinzi huo unawafikia hata makarani na wakalimani wa wakili. Tangu 2022 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini hakuna sheria inayoweza kulirudisha jina la mtu likishasambaa Dodoma, mji ambao bado watu wanajuana kwa ukoo na kwa kanisa. Jizoeze kufuta faili kabla ya kulipa mia mbili yako. Usizungumze kesi ya fildi kwenye daladala ya kwenda chuoni, hata bila kutaja jina, maana "yule mkurugenzi wa kule" inatosha kabisa. Usipige picha jalada la shauri ukaiweka kwenye stetasi ili watu waone umeanza mambo. Nakupa alama moja: umeniandikia habari nzima bila kunitajia ofisi wala mteja. Hilo hukufundishwa na mtu, na sasa ulifanye kwa kukusudia.

Sasa nije kwa ndugu zako, kwa sababu mtihani wako wa kwanza wa uwakili utatoka kwa ndugu. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, viwanja hapa vimekuwa habari ya kila nyumba. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa 2017, kazi zake zikaenda kwenye halmashauri, na migogoro ya viwanja ikaendelea na safari. Basi mjomba amepata kiwanja Nala, kwa mzee mmoja wa Kigogo. Anakupigia: wewe si mwanasheria? Njoo Jumamosi utuandikie mkataba, nitakupa elfu hamsini, hawa mawakili wa mjini wanatuchuna.

Ukienda na kuchukua ile elfu hamsini, umeingia kwenye kundi la vishoka kabla hujavaa joho. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inakataza mtu asiye na sifa kuandaa kwa malipo nyaraka za namna hiyo, na inataka nyaraka hizo zibebe jina na anwani ya aliyeziandaa. Utaandika la nani? Hilo la kwanza. La pili ni gumu zaidi: wewe ni wa nani pale? Umeitwa na mjomba, umekaa upande wa mjomba, lakini yule mzee anakuona binti msomi aliyekuja kuwasaidia wote wawili, na anakuita "mwanasheria wetu". Akikuuliza, "mwanangu, hapa nisaini tu?", utamjibu kama nani? Kanuni zetu zinaita hali hiyo mgongano wa maslahi, na wanafunzi wanadhani ni jambo la makampuni makubwa ya madini. Liko Nala, chini ya mwembe. La tatu ni yule mama aliyekaa nyuma ya mlango hasemi kitu. Kama kwenye kiwanja kuna nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai ridhaa yake, na wewe ndiye mtu pekee hapo anayejua.

Nenda Jumamosi. Usiandike. Msalimie mzee kwa adabu ya kwao, keti, kisha waeleze wote kwa Kiswahili chepesi: mimi bado mwanafunzi, siruhusiwi kuwaandikia, na hapa nimekuja kama mpwa wa huyu. Ninachoweza kusema ni kwamba mzee utafute mtu wako wa kukusomea kabla hujaweka dole gumba, na mama aulizwe. Halafu umsindikize mjomba kwa wakili, uombe kukaa pembeni uone mkataba unavyoandaliwa. Mjomba atanuna. Kununa kwa mjomba ni ada ndogo sana ukilinganisha na ile utakayolipa ukiwa na cheti ukutani.

Na hicho Kiswahili chepesi nacho ni ujuzi wa maadili, ingawa sijaona mtaala unaokiweka hapo. Tunasoma kwa Kiingereza, mitihani Kiingereza, na tangu marekebisho ya sheria ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili. Mteja asiyeelewa alichokisaini hajakubali chochote. Chukua hukumu moja kila wiki kwenye TanzLII, ambako hukumu zetu zinasomwa bure, umweleze mtu ambaye hajasoma sheria: dada wa mgahawani, mlinzi wa hosteli. Akikuuliza "kwa hiyo nani kashinda na kwa nini?", na ukashindwa kujibu, wewe ndiye hujaelewa. Wiki ya Sheria, mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari, mabanda huwekwa hapa mjini na watu hujaa na bahasha zao za kaki. Nenda ukajitolee hata kupanga foleni, usikilize mawakili wanavyojibu. Utamwona anayemwambia mzee, "hapa huna kesi, baba, usipoteze pesa." Jibu hilo ni gumu kulisema na ni zuri sana kulisikia mapema. Kuna pia watoa msaada wa kisheria wanaofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mikono ya bure haikataliwi.

Mahakamani, jukumu la kwanza la wakili ni kutoidanganya mahakama. Mnapofanya mahakama ya mfano chuoni, mashindano yanawafundisha kushinda. Ongeza zoezi lako mwenyewe: ukikuta uamuzi wa Mahakama ya Rufani unaokupinga, utaje wewe kwanza, kisha ueleze kwa nini shauri lako ni tofauti. Utapoteza raundi moja mbili kwa kufanya hivyo, kwa sababu majaji wa mfano ni wanafunzi wenzako wanaopenda kelele. Kwenye mahakama ya kweli, jaji anayekuona unafanya hivyo hukusikiliza kwa namna nyingine siku inayofuata.

Na hapa lazima niseme juu ya akili mnemba, maana najua mnaitumia na mimi pia naitumia. Mwaka 2023 huko New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, abiria alidai kuumizwa goti na kitoroli cha vyakula ndani ya ndege. Mawakili wake wakawasilisha hoja zenye kesi ambazo ChatGPT ilizitunga, moja ikiitwa Varghese dhidi ya China Southern Airlines. Kesi hazikuwepo duniani. Jaji Castel aliwatoza dola 5,000. Wengi wanaisimulia kama habari ya kompyuta. Mimi naona sehemu nzito ni ya baadaye: walipoulizwa, hawakurudi nyuma wakasema hatukuzisoma, walileta maandishi ya hukumu hizo hizo za kutungwa na kuzisimamia. Kosa la siku ya kwanza lilikuwa uvivu. La siku ya pili lilikuwa uongo. Sheria yako iwe nyepesi: hutaji kesi ambayo hujaifungua mwenyewe na kuisoma, hata kwenye kazi ya alama tano, hata kama desa la mwaka jana, zile noti za kurithishana, limeitaja. Desa nalo hutunga, tena lilianza kabla ya kompyuta. Mwaka 2022, matokeo mabaya ya Law School yalipoleta kelele hadi ikaundwa kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, tulibishana sana juu ya Kiingereza na viwango vya vyuo. Kuhusu mazoea ya kuishi kwa desa miaka yote, sikusikia watu wakipiga kelele sana.

Rushwa nitaigusa kwa ufupi kwa kuwa hapo unajua jibu. Ya soda, ya maji, ya kuharakisha faili: hutoi, na ukitumwa kutoa unarudi na pesa. Na kwa kuwa wewe ni binti, mhadhiri au bosi wa fildi akitaka mwili wako kwa ajili ya alama au nafasi, hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma. Hunyamazi kwa kulinda heshima ya mtu aliyekwishaivua mwenyewe.

Sasa yale maneno uliyoyakosa. Ulimi unazoezwa kama mkono, kwa kurudia kwa sauti. Keti na rafiki yako mmoja, awe bosi, akutume. Ujibu. Siyo hotuba wala kifungu cha sheria. Kijana wa fildi akianza kumsomea wakili vifungu atafukuzwa, na nusu ya kosa itakuwa lake. Jaribu hivi: "Mheshimiwa, naomba nimpigie mteja nimuulize anaweza kufika lini aje aape." Au: "Manyoni nako kuna hakimu anayeweza kumwapisha, nimtafutie utaratibu?" Angalia sentensi hizo zinafanya nini. Hazimwiti mtu mwongo. Zinampa njia ya kufanya jambo sahihi bila kuaibika, na zinakuweka wewe kwenye kazi halali. Mara nyingi bosi atasema haya, piga simu, kwa sababu mara nyingi kilichokuwepo ni haraka na wala si uovu. Akisema "wewe peleka tu", hapo unabaki na sentensi ya mwisho: "Samahani mheshimiwa, hiyo nitashindwa." Ni fupi, na inatetemesha magoti. Isemee chumbani mpaka isitetemeshe sana.

Baba mdogo mpe salamu zangu. Ana haki ya kuogopa. Miaka ya kwanza ya uwakili ni ya njaa kwa karibu kila mtu, mwaminifu na asiye mwaminifu, na yule asiyerudisha tarehe nyuma atawaona wateja wengine wakivuka barabara kwenda ofisi ya pili. Sitamdanganya hapo. Ila mwambie pia kwamba Kamati ya Mawakili, inayoongozwa na jaji, inaweza kumwonya wakili, kumsimamisha, au kuondoa jina lake kabisa kwenye orodha ya mawakili, na jina likiondolewa njaa yake haina msimu. Na anayesema tunalipwa kutetea wahalifu, msomee Katiba, Ibara ya 13(6)(b): mtu hana kosa mpaka ithibitike. Kumdai mwendesha mashtaka athibitishe ni kazi halali hata kama mteja amekunong'oneza kila kitu. Kupeleka shahidi wa uongo si halali. Mstari uko hapo, na si mwembamba kama watu wanavyodhani. Isitoshe, si lazima uwe wakili wa kujitegemea: mji huu umejaa kazi za wanasheria, mahakamani, serikalini, kwenye mabenki, na zote zina viapo vyake, logibuku zake na mjomba wake.

Kuhusu kwenda kushtaki: mtu yeyote anaweza kupeleka malalamiko dhidi ya wakili, hata wewe. Lakini mimi leo nisingekutuma huko. Shauri la yule mteja pengine bado linaendelea, unachokijua ulikijua ndani ya ofisi yake ya uwakili, na hupaswi kuamua peke yako jambo linaloweza kumwangusha mtu wa Manyoni asiye na hatia. Mwone mhadhiri aliyekusimamia fildi, ana kwa ana, siyo kwa ujumbe wa simu. Mweleze tukio bila chumvi, na umuulize ofisi ile iendelee kupokea wanafunzi au la. Yeye ana njia ambazo wewe huna. Na ikitokea siku mahakama ikakuuliza kuhusu ile karatasi, unasema ulichokiona, chote. Fildi ijayo omba mwenyewe pa kwenda kabla ya barua kutoka, na siku ya kuripoti uliza swali moja la kawaida kabisa: hapa kwenu, mtu wa mbali akitaka kuapa huwa mnafanyaje?